Macho Yanapofifia

Mtu mzima anapoanza kupapasa mlango au kushindwa kumtambua jirani kwa sura, familia nyingi husema ni uzee, na mambo huishia hapo. Kauli hiyo imepofusha wengi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba angalau bilioni moja kati yao wangeweza kukingwa au bado wanasubiri huduma.

Ugonjwa unaopofusha wengi zaidi, mtoto wa jicho, ndio pia unaotibika vizuri. Lenzi iliyo nyuma ya mboni huingia ukungu ambao hauyeyushwi na matone wala mitishamba. Daktari hutia ganzi, huitoa lenzi hiyo na kupandikiza ya plastiki, kazi ambayo kwa kawaida haifiki saa moja. Kwa mfano, mkazi wa Machochwe, wilayani Serengeti, huanzia zahanati au hospitali ya Mugumu; rufaa ikihitajika, safari huweza kufika hospitali ya Bugando, Mwanza.

Presha ya macho haina huruma hiyo. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo hufa polepole, mara nyingi bila maumivu, na uoni wa pembeni hutangulia kupotea. Kilichopotea hakirudi. Wagonjwa wengi huacha matone kwa kuwa hawaoni nafuu, ilhali kazi ya matone ni kulinda kilichobaki. Ugonjwa huu huandama ukoo, hivyo ndugu na watoto wa mgonjwa nao wapimwe.

Trakoma, au vikope, huenezwa na vidole, vitambaa na nzi. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kope zake hugeukia ndani ukubwani na kukwaruza kioo cha jicho. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio wanaolea watoto. Dawa ya azithromycin huua vimelea, upasuaji hurekebisha kope, na kunawa uso huzuia maambukizi mapya.

Wachungaji wana hatari yao: swila, nyoka anayetema sumu machoni. Jicho lisafishwe papo hapo kwa maji mengi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Majani yaliyosagwa huweza kuacha kovu la kudumu.

Tiba isipowezekana, mengi hutegemea watu wa nyumbani. Vitu visihamishwe bila kumwambia asiyeona. Ukingo wa kizingiti upakwe chokaa kwa ajili ya mwenye uoni hafifu, na kamba ifungwe kutoka nyumbani hadi chooni. Anayeongozwa hushika kiwiko cha anayemwongoza. Kumburuta mkono ni kumtia hofu bure. Barabarani, fimbo nyeupe humwambia mwenye gari apunguze mwendo.

Mtoto asiyeona ana haki ya kusoma. Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma, aliyosoma Mwalimu Nyerere, hupokea wanafunzi wasioona, nao husoma kwa nukta nundu, maandishi ya nukta sita yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka utotoni.

Biashara nayo haifungwi na upofu. Noti za Tanzania huongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda, na mtu aliyezoea kuzipima kwa vidole, akikunja kila aina kwa namna yake, huweza kuhesabu fedha zake mwenyewe mnadani.