Vihenge Vilivyochomwa vya Bonde la Limpopo kama Kumbukumbu ya Ugasumaku wa Dunia

Makala haya yanafafanua namna udongo uliochomwa na wakulima wa Zama za Chuma kusini mwa Afrika unavyosaidia kujibu swali moja la jiofizikia: je, kudhoofika kwa ugasumaku juu ya Atlantiki ya Kusini ni dalili kwamba ncha za sumaku za Dunia zinakaribia kubadilishana nafasi?

Kabla ya kulijadili swali hilo, ni vyema kueleza chanzo cha ugasumaku wenyewe. Mwaka 1906 Richard Oldham alitumia mawimbi ya matetemeko ya ardhi kuonyesha kuwa Dunia ina kiini. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark alibainisha kwamba ndani ya kiini hicho kimo kingine. Kiini cha nje, kinachoanzia kina cha takribani kilomita 2,900, ni chuma kilichoyeyuka pamoja na nikeli. Joto lake ni maelfu ya nyuzi za selisiasi, ilhali chuma hupoteza usumaku wa kudumu kinapofikia nyuzi 770. Kwa hiyo, chanzo cha ugasumaku hakiwezi kuwa pande la sumaku lililozikwa humo. Chanzo ni mikondo ya umeme: chuma kiowevu hupanda na kushuka, mzunguko wa Dunia huupinda mwendo wake, na umeme huzalishwa kama katika dainamo. Kwa kuwa mwendo huo si tulivu, ugasumaku nao hubadilika.

Tangu Carl Friedrich Gauss alipoanzisha njia ya kupima nguvu ya ugasumaku katika miaka ya 1830, nguvu ya sehemu yake kuu yenye ncha mbili imepungua kwa takribani asilimia 9. Udhaifu umekithiri katika eneo linaloanzia Amerika Kusini kuelekea kusini mwa Afrika. Huko setilaiti hukabiliwa na mnururisho mkali kuliko kwingineko, hata darubini ya Hubble husitisha uchunguzi inapopita. Hata hivyo, vipimo vya takribani karne mbili ni vichache mno, kwani ncha zilibadilishana mara ya mwisho yapata miaka 780,000 iliyopita. Kwa vipimo hivyo pekee, haiwezekani kutenganisha badiliko kuu na msukosuko wa kupita.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na akiolojia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, John Tarduno na wenzake walichunguza mabaki ya sakafu za vibanda na vihenge vilivyochomwa katika bonde la mto Limpopo. Wanaakiolojia huhusisha uchomaji huo na matambiko ya utakaso nyakati za ukame. Udongo huo una chembe za magnetiti. Joto likizidi nyuzi 580, chembe hizo hupoteza usumaku wa awali. Zinapopoa, hupata usumaku mpya unaofuata uelekeo na nguvu ya ugasumaku wa wakati huo. Sakafu ambayo haikusogezwa tangu siku hiyo huihifadhi kumbukumbu hiyo mpaka inapopimwa maabarani.

Matokeo yalionyesha kwamba nguvu ya ugasumaku ilishuka ghafla yapata mwaka 1300, kwa kasi inayozidi ya sasa kusini mwa Afrika. Utafiti wa Vincent Hare na wenzake wa mwaka 2018 ulibaini mabadiliko ya haraka katika karne za awali pia. Watafiti hao wanapendekeza kwamba eneo kubwa lililo katika sehemu ya chini kabisa ya koti la Dunia, kusini mwa Afrika, ambamo mawimbi ya matetemeko hupungua kasi, huvuruga mtiririko wa chuma ulio chini yake mara kwa mara. Pendekezo hilo bado ni nadharia tete.

Hivyo basi, hali ya leo ina mifano iliyotangulia, na mifano hiyo haikuishia katika kubadilishana kwa ncha. Ushahidi huu hauthibitishi kwamba badiliko hilo haliwezi kutokea. Unachoonyesha ni kwamba udhaifu wa eneo moja hautoshi kulitabiri. Aidha, unawakumbusha wachimbuaji kwamba sakafu iliyoungua ikibomolewa kabla uelekeo wake haujarekodiwa, sehemu ya kumbukumbu yake hupotea daima.