Samoni wa Mto Fraser: Hesabu Inayokimbizana na Nyavu
(Sehemu ya Pili)

Mwaka 2009 wataalamu wa Kanada walitabiri kuwa samoni wekundu zaidi ya milioni 10 wangerudi Mto Fraser kutaga. Walirudi kama milioni 1.5. Uvuvi wa biashara ukafungwa, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bruce Cohen. Kazi ya tume ikiwa bado mbichi, mwaka 2010 mto ukafurika samaki karibu milioni 30, wingi ambao haukuwa umeonekana tangu 1913.

Si kwamba wataalamu hawajui kazi. Samoni mwekundu huanguliwa kwenye maji baridi, akakaa ziwani yapata mwaka mmoja, kisha akapotelea Bahari ya Pasifiki karibu miaka miwili. Utabiri hutegemea zaidi idadi ya wazazi waliotaga miaka minne nyuma. Njaa, joto la maji na maadui wanaomngoja baharini hawamo kwenye daftari hilo.

Kwa hiyo hesabu ya kuaminika huanza samaki wakiwa tayari njiani. Kisiwa cha Vancouver huwagawa: wengine hupita kaskazini, wengine kusini, na mgawanyo hubadilika mwaka hadi mwaka. Boti chache hutega nyavu za majaribio pande zote mbili. Wakinaswa wachache, je, samaki ni haba au wamechelewa tu? Wavu haujibu, na wavuvi wanangoja ruhusa. Baadaye, karibu na mji wa Mission, mtambo wa mawimbi ya sauti huhesabu wanaopanda mto. Nao hautambui aina ya samaki, ilhali kila mwaka wa namba witiri samoni wa waridi hupanda mto huohuo kwa mamilioni.

Hapo ndipo uvuvi wa kupita kiasi hupenya, hata pasipo mtu mwenye nia mbaya. Samoni wa Ziwa Cultus, kwenye bonde la Fraser, ni wachache mno, nao husafiri pamoja na kundi kubwa la Mto Adams. Kiasi cha uvuvi ambacho kundi la Adams hustahimili chaweza kulimaliza la Cultus. Mwaka 2005 serikali ya Kanada ilikataa kuwaweka samoni wa Cultus chini ya sheria ya viumbe walio hatarini, ikihofia hasara kwa uvuvi. Lilikuwa kosa: hasara ya msimu hufidiwa, kundi lililotoweka halirudi.

Kule Bristol Bay, Alaska, watu hupanda minara kandokando ya mito yenye maji maangavu, wakahesabu kwa macho dakika 10 za kila saa, kisha wakazidisha. Kwanza mazalia yapate samaki wake. Uvuvi hufunguliwa au kufungwa kwa kufuata hesabu hiyo. Mwaka 2022 walirudi zaidi ya milioni 70. Maji ya Fraser yana tope, na mnara hauwezi kusaidia pale Mission.

Sehemu ijayo itaeleza maporomoko ya mawe ya Big Bar, yaliyoziba njia ya samoni wa Fraser mwishoni mwa 2018, na msimu wa 2020 waliporudi wasiofika 300,000.