Ufunguo wa Mashini Uwe Mfukoni Mwako

Wakulima wa skimu, mwezi huu sitasema juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kusema juu ya mikono yenu, kwa maana bila mikono hakuna shamba.

Siku moja mkulima mmoja aliingia ofisini kwetu kwa ajili ya karatasi za mkopo wa ng'ombe. Nilimpa kalamu atie sahihi, kwa kuwa nilijua amesoma. Akairudisha, akasema, "Karani, nipe wino wa kidole." Akatoa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliuacha ndani ya koti, nao ulikuwa hauna vidole vinne.

Alinieleza mambo yalivyokuwa. Jioni moja alikuwa akikata majani ya nepia kwa mashini ya stima. Majani yalikwama mdomoni mwa mashini, na wakati ule ule stima ikapotea katika kijiji chote. Akawaza kwamba huo ndio wakati mzuri wa kuyatoa, maana stima haipo. Hakuzima swichi wala hakuchomoa plagi. Aliingiza mkono, na stima ikarudi.

Angalieni jambo hili vizuri. Hakuna mtoto aliyechezea swichi, wala jirani aliyewasha kwa kutojua. Mashini ile ilikuwa imesimama tu, haikuwa imezimwa. Makosa ya namna hii hutokea kwa watu wenye akili na bidii, kwa sababu jicho likiona mashini imetulia, moyo husema hakuna hatari.

NGUVU HUJIFICHA WAPI?

Zamani nilipokuwa nikifundisha, nilikuwa nikipindua baiskeli darasani na kuzungusha pedali. Nikiondoa mkono, gurudumu liliendelea kuzunguka. Watoto waliona kwamba nguvu zaweza kubaki ndani ya kitu hata baada ya mwenye kukiendesha kuacha. Mashini zetu ni vivyo hivyo. Kuna nguvu za namna nyingi:

Stima. Ya nyumbani ni volti 240, na mashini kubwa za posho mara nyingi hutumia volti 415. Zote mbili huua.

Gurudumu zito na visu. Hata ukizima, visu vya mashini ya majani na nyundo za mashini ya posho huendelea kuzunguka kwa muda.

Uzito ulioinuliwa. Plau au trela iliyoinuliwa na trekta imeshikwa na mafuta yaliyobanwa. Mpira ukipasuka, au mtu akigusa mkono wa kuteremshia, mzigo wote huanguka juu ya aliye chini.

Mafuta yaliyobanwa. Yakivuja katika tundu dogo kama la sindano, yaweza kupenya ngozi. Usitafute tundu kwa kidole, tumia kipande cha kadibodi. Na yakikupenya, nenda hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo.

Maji ya moto. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla injini haijapoa.

Shafti ya nyuma ya trekta. Trekta nyingi huizungusha mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde moja. Shafti yenye upana wa sentimita 7 ikishika upindo wa koti, huvuta karibu mita 2 za nguo kwa sekunde. Kabla hujamaliza kupiga kelele umekwisha kufika kwenye chuma.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUGUSA

Kila unapotaka kutoa kilichokwama, kunoa visu, kutia grisi au kubadili mkanda, fuata mambo haya kwa utaratibu wake, wala usiruke hata moja.

1. Waambie watu wote walio karibu, hata watoto, kwamba unatengeneza mashini.

2. Zima mashini kwa swichi yake.

3. Iondolee nguvu kabisa. Ya stima, chomoa plagi au zima swichi kuu. Trekta, zima injini na utoe ufunguo. Injini ya petroli, toa waya wa plagi. Injini ya dizeli, funga mafuta, uondoe hendeli ya kuwashia na kuvua mkanda unaoendesha mashini.

4. Tia kufuli kwenye swichi kuu, na ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe. Kama ni plagi, ifungie ndani ya kisanduku, wewe ukae na ufunguo. Mkiwa wawili kazini, kila mtu atie kufuli yake. Mtu asifungue kufuli ya mwenziwe.

5. Maliza nguvu zilizobaki. Ngoja visu visimame. Teremsha plau mpaka chini. Kama ni lazima kiinuliwe, kiwekee magogo au vyuma imara chini yake. Usitegemee jeki wala mafuta ya trekta.

6. Jaribu kuwasha. Ikinyamaza, rudisha swichi mahali pa kuzima, ndipo uingize mkono.

Kazi ikiisha, hesabu vyombo vyako, rudisha ngao za chuma zinazofunika mkanda na visu, na uhakikishe kila mtu ameondoka. Kisha aliyetia kufuli ndiye atakayeitoa.

Wengine watasema mambo sita ni mengi, na ng'ombe wana njaa. Mimi nimeyahesabu kwa saa ya ofisi mbele ya mashini ya majani, na hayakumaliza dakika tano. Ng'ombe hafi kwa kungoja dakika tano.

KAMA UNA MFANYAKAZI

Tangu 2007 Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hiyo humtaka mwajiri alinde watu wake kazini, na sehemu za mashini zenye hatari zifunikwe. Basi ukimwajiri kijana wa kukukatia majani, usimwonyeshe jinsi ya kuwasha peke yake. Mwonyeshe kwanza jinsi ya kuzima na kufunga, kisha mwambie akufanyie mbele yako. Wala usimwite kwa haraka akiwa mkono wake umo ndani ya mashini.

Mkulima yule wa ofisini bado ana mashini yake. Juu ya ukuta, karibu na swichi, amepigilia msumari na kutundika kufuli. Mkewe na watoto wake wanajua kwamba kufuli ikiwa kwenye swichi, baba yumo kazini, na hakuna wa kuigusa. Kukamua sasa ni kazi ya mkewe, kwa sababu mkono mmoja hautoshi chuchu nne.

Safari yako ya kwanza ya sokoni baada ya kusoma haya, rudi na kufuli moja. Usingoje mashini ikwame ndipo uitafute.