Nyumba Ipandayo Mgongoni mwa Ngamia

Hapa Likasi, mtu akihama Kikula kwenda Panda huchukua kitanda, viti na sufuria. Nyumba yenyewe huiacha, kwa kuwa matofali hayafungwi mizigo. Wako lakini watu wahamao na nyumba nzima. Huenda wasomaji wetu wamekwisha kusikia habari za Wamongoli wa Asia, wakaao katika nyumba ya duara iitwayo ger, ya fito na manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa. Basi, hata katika Afrika yetu, kaskazini mwa Kenya, kando ya jangwa la Chalbi, Wagabra wafugao ngamia wanayo desturi kama hiyo.

Nyumba ya Mgabra ni mali ya mkewe. Hutengenezwa kwa ajili ya arusi, na mwanamke ndiye aisimamishaye na kuibomoa. Mifupa yake ni fito zilizopindwa. Juu hutandazwa mikeka ya nyuzi na ngozi. Siku ya kuhama, fito hizo hufungwa mgongoni mwa ngamia zikawa kama tenga kubwa, na ndani yake huketishwa watoto wadogo na wana-mbuzi wasioweza mwendo. Wafikapo, fito zilezile huinuliwa tena. Mwashi gani wa kwetu awezaye kazi hiyo kwa siku moja?

Chakula chao hasa ni maziwa. Wanawake husuka vyombo vya mizizi, vimebana hata maziwa hayavuji, navyo hufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike. Mgeni wa heshima hupewa buni zilizokaangwa kwa samli. Vijana nao huwapeleka mbali ngamia wasiokamwa, kutafuta malisho, kwa maana ngamia aweza kukaa zaidi ya juma zima pasipo maji.

Lakini nyumba hii haina miguu ila ya ngamia. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosekana majira matano mfululizo, wanyama wakafa kwa wingi. Wamongoli nao, katika baridi kali ya 2023 na 2024, walipoteza wanyama zaidi ya milioni 7. Na wengi waliofilisika hivyo, miaka hii na ya nyuma, wamesimamisha ger zao pembeni mwa mji wa Ulaanbaatar, zisiondoke tena.

Mgabra asiye na ngamia hukaa karibu na mji, kungoja msaada wa unga. Mwenye fedha hujenga kwa mabati, na mara nyingi mume ndiye anunuaye. Pembeni mwa Marsabit na North Horr waziona bado nyumba za duara, kazi ya mikono ya wanawake. Ila juu yake, badala ya mikeka na ngozi, pana magunia, maboksi na nguo kuukuu.