Vitisho vya Fedha Kidogo Si Upuuzi

Wapo wakubwa wanaozidharau filamu za mashetani zilizotengenezwa kwa fedha kidogo: damu ni rangi, mzimu ni kijana aliyejipaka unga. Mbona basi watu huzipenda?

Woga hauhitaji mitambo ya gharama. Huko Yaeda Chini, Wahadzabe hucheza epeme, ngoma yao tukufu, usiku usio na mwezi wala moto. Giza lenyewe huipa uzito. Nasi wa visiwani tunajua. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoenea kutoka Pemba hadi Unguja, watu wazima walikesha nje kwa makundi.

Ndiyo maana Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta, katika muongo wa kwanza wa karne hii, mtazamaji alijaza mwenyewe pale kamera iliposhindwa. Hata The Evil Dead ya Sam Raimi, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1981, ilifaulu hivyo: kicheko na woga vikikaa mkeka mmoja.

Lakini kanda za video huliwa na joto na ukungu. Tunaiomba Serikali izikusanye na kuzihifadhi sasa. Taifa lisilotunza hata vitisho vyake, litawasimulia nini wajukuu?