Karatasi ya KCSE kwa 2,000: Ukituma, Unanunua Nini?

Novemba ikikaribia, simu za aina moja huanza kuingia huduma kwa wateja. "Nilituma 2,000 kwa nambari ambayo siyo, naomba mnirudishie." Tukiangalia, tunakuta mteja ametuma kwa nambari hiyo hiyo mara tatu ndani ya wiki moja. Basi tunauliza polepole, na mwishowe ukweli unatoka: ilikuwa pesa ya karatasi ya mtihani.

Hatumcheki. C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia digrii, na mzazi aliyelipa karo miaka minne anajua alama moja inaweza kumfungia mtoto mlango. Matapeli nao wanalijua hilo.

Zamani wizi wa mtihani ulikuwa mwakenya, kile kikaratasi cha kufichwa kwenye soksi. Siku hizi ni kikundi cha Telegram. Mwenye kikundi anatuma picha yoyote saa kumi na moja alfajiri. Mtihani ukishafanywa na karatasi kuonekana, anaihariri ile post na kuweka picha ya karatasi yenyewe. Saa ya ujumbe inabaki ile ya alfajiri! Wewe ukiingia jioni unaona "ushahidi" kwamba jamaa alikuwa nayo mapema, na unatuma pesa ya karatasi ya kesho. Ukishatuma, anaomba 500 nyingine ya "kufungua faili", halafu anakublock.

Kurudisha pesa hapo ni kazi ngumu. Ombi la kurejesha muamala husaidia kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, na tapeli hutoa kwa wakala dakika ile ile.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Muamala wako una jina lako, nambari na saa. Tapeli akishaona jina anaweza kukutisha: tuma tena au nakuripoti. Na polisi wakija na amri ya mahakama, sisi tunatoa rekodi.

Tuseme karatasi ni ya kweli. Hapo mambo ni mabaya zaidi. Sheria ya KNEC ya 2012 inasema anayepata karatasi kabla ya wakati na kufichua yaliyomo anaweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini hadi milioni 2, au vyote viwili. Mtahiniwa naye anafutiwa matokeo. Katika KCSE ya 2015 zaidi ya watahiniwa 5,000 walifutiwa, na Machi 2016 bodi ya KNEC ikavunjwa. Ulinzi wa karatasi ukakazwa, wakuu wa shule wakawa wanazichukua wenyewe kwenye makontena asubuhi ya mtihani. Mwaka huo gredi za A zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Mwaka wa 2024 hata Telegram yenyewe ilizimwa nchini wakati wa mtihani, jambo lililowakera wengi ambao hawana mtoto kidato cha nne.

Kama tayari umetuma, tupigie mara moja, usingoje jioni. Tuambie ukweli, maana "nilikosea nambari" inatupotezea muda na pesa inaendelea kutolewa. Usifute SMS ya muamala wala mazungumzo. Usitume hata shilingi ya "kurejeshewa". Kisha ripoti kwa DCI, 0800 722 203, simu ni bure.

Na mzazi, kagua pia simu unayomwachia mtoto. Wengine wanaotuma ni wanafunzi wenyewe, kwa PIN ya mama.

Matokeo yakitoka, tapeli yule yule atarudi akidai ana mtu wa ndani wa kupandisha D+ iwe C+. Anayetaka alama ziangaliwe upya hupitia shule yake. Haitumwi kwa nambari ya mtu.