Kamongo Hupanda Kupumua

Nauza kamongo hapa Rhonda, Nakuru, na kabla ya bei wateja wageni huniuliza, "Mama, huyu si nyoka?" Namgeuza kwenye beseni wamwone mapezi yake manne, membamba kama kamba za viatu. Nyoka hana hayo.

Kinachowashangaza zaidi ni mapafu. Kamongo anayo mawili. Matamvua yake ni madogo, hayamtoshi akishakomaa, kwa hiyo hukaa chini kwenye matope akitafuta konokono na samaki wadogo, kisha hupanda juu, akameza hewa, akashuka tena. Ukimzuia asipande, atakufa maji, samaki huyo huyo.

Ujuzi wa mvuvi uko hapo. Ninayenunua kwake ni mzee wa jamii ya Ilchamus pale Kampi ya Samaki, Ziwa Baringo. Jioni hutandaza kamba ndefu iliyofungwa vijerikeni vitupu ili ielee. Kwenye kamba hiyo hufunga nyuzi nyingi zinazoshuka hadi karibu na tope, kila mmoja na ndoano yake na kipande cha tilapia kilichoanza kunuka. Maji ya Baringo ni ya kahawia na kamongo ana macho madogo. Chakula hukipata kwa harufu, na kwa kupapasa kwa mapezi yale.

Nilimwuliza kwa nini nyuzi zake ni ndefu na zimelegea.

"Nikimfunga chini, Mama, nitamkuta amekufa. Mimi nataka anisubiri akiwa hai."

Alfajiri hurudi na mtumbwi, akiangalia viboko na mamba. Kumtoa kamongo ndoano kwa vidole hathubutu, maana meno yake ni mabamba magumu ya kuponda magamba ya konokono. Hukata uzi, ndoano ikabaki mdomoni.

Zamani Baringo haikuwa na kamongo. Waliletwa kutoka Ziwa Victoria miaka ya 1970, wakazaana mno, na tilapia walipopungua wao ndio wakawa riziki kubwa ya wavuvi. Nawashukuru kamongo kwa karo ya watoto wangu. Lakini tilapia wa Baringo ni wa aina isiyopatikana ziwa jingine, na kila nikiona wameletwa wachache na wadogo, roho inaniuma.

Wateja wangu wa asili ya Nyanza na Magharibi hawahitaji maelezo. Jina kamongo ni la kwao, na mwanasayansi wa Marekani, Homer Smith, aliliweka kwenye jalada la kitabu chake mwaka 1932. Waganda wa ukoo wa Mamba, jina lao la samaki huyu, hawamgusi kabisa. Ndiye mwiko wao.

Kutoka Kampi ya Samaki hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 100. Kamongo nawasafirisha kwenye gunia lililoloweshwa, na wengi hufika wakihema. Siku moja gunia lilipandishwa juu ya matatu, likakaukia juani. Tulipofika Mogotio nilifungua, hakuna aliyesogea. Tangu hapo nalipia kiti, gunia likae miguuni pangu, na chupa ya maji mkononi.

Nikiwapasua, ndoano naziosha na kuziweka kwenye kopo. Kopo likijaa, namrudishia mzee.